Shahidi wa Mbau

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katoni moja ilikuwa juu ya meza katika ukumbi wa kanisa mjini Beni, na ndani yake vitabu sitini vya kujifunzia kusoma. Julie alijua idadi kwa sababu aliomba kuvihesabu. Darasa lake la Mbau lilikuwa na wanawake thelathini na wanne, na vitabu vinne.

Darasa jingine lililovitaka lilikuwa la madereva wa Butembo, nalo lilimtuma Mashaka, mwendesha lori mwenye mdomo usiochoka. Mshindi angechukua katoni nzima. Neno lingetolewa, na kila upande, kwa zamu, ungetaja neno la maana ya karibu ndani ya sekunde thelathini; upande utakaokosa neno ungeshindwa. Lakini neno halingepata alama bila sentensi iliyosemwa na mtu aliye hai, kwa Kiswahili, na mtu huyo akiitwa airudie mwenyewe. Julie aliipenda kanuni hiyo. Alikuwa na kadi mia mbili, kila moja na sentensi, jina, mahali na tarehe.

Abdias, mkaguzi wa shule mstaafu, alichomoa karatasi kapuni. "Kutegemea!"

"Kuegemea," Mashaka alidakia. "Bibi yangu Aisha ananiambiaka: hapana kuegemea mulango ya kamio, kitasa imekufa."

"Na bado anaegemea!" mkewe alipaza sauti kutoka mstari wa tatu. Waliowahi kupanda lori lile wakaangua kicheko.

"Tofauti ni nini?" Abdias aliuliza.

"Hii ni ya mwili, mkaguzi. Ukitoa mulango, mutu anaanguka."

"Kutumaini," alisema Julie. "Ni ya moyo. Kitu chenyewe kinaweza kuwa hakijaonekana." Mwimbaji wa kwaya aliyeandikwa kwenye kadi alisimama na kurudia sentensi yake.

"Kutarajia," alisema Mashaka. "Hiyo ni ya siku iliyopangwa, kama kamio ya Kasindi."

"Kuamini," alisema Julie, na shahidi wake mwingine akasimama.

"Kumwachia!" Mashaka alisimama kabisa, akikanyaga breki ya hewani. "Kwenye mushuko, frein namwachia Mungu."

"Donc usinipandishe tena!" Aisha alijibu, na ukumbi ukalipuka upya.

Alama ikaandikwa. Julie alipekua kadi zake haraka. Kwa neno hili ilibaki moja tu, akaiinua.

"Kujishikiza. Ni kutegemea kwa muda, mpaka mtu apate pake. Alilisema Kahongya, Mbau, tarehe tatu Machi."

"Yuko hapa?"

"Yuko Mbau, ni mwanafunzi wangu. Ana simu."

Abdias alipiga, akaiweka simu mezani ili wote wasikie; shahidi alipewa dakika moja. Swali lilikuwa nyuma ya kadi, na halikuruhusiwa kutaja neno. "Mama Kahongya, tangu mlipotoka Eringeti, unaishi namna gani?"

Sauti ilijibu kwa furaha, ndefu, yote kwa Kinande. Kahongya alikuwa ameisikia lafudhi ya Abdias, akamtambua kuwa mtu wa kwao. Na kumjibu mtu wa kwao kwa Kiswahili ni kujitia ukubwa. Nusu ya ukumbi ilielewa kila neno. Hakuna hata moja lililopata alama.

"Mama, tafadhali, kwa Kiswahili," alisema Abdias.

Kahongya alicheka na kumuuliza, kwa Kinande, kama yeye ni mtoto wa nani.

"Zimebaki sekunde kumi na tano," alisema mwenye saa.

Julie alizikamata kadi zake kwa mikono miwili. Zilikuwa sahihi zote, na hakuna iliyoweza kumsaidia. Angefungua mdomo angeondolewa: mwenye neno haongei na shahidi wake.

Mashaka aliinama juu ya simu. "Jambo, mama! Minaitwa Mashaka, muendesha kamio. Baba yangu ni wa Kindu, Kinande inanishinda. Unaishi je tangu mulitoka Eringeti?"

"Ah, baba, pole, sikukujua!" Kiswahili kilitoka papo hapo. "Tangu tulikimbia, najishikiza tu kwa kakao ya dada yangu, mpaka nitarudia shamba yangu."

Ukumbi ulisimama. Watu walipiga mabenchi kwa viganja, na Aisha alishika kichwa.

"Papa Mashaka! Umefanya nini?"

"Ninataka kushinda mutu, hapana kushinda simu."

Abdias alisoma karatasi ya kanuni mbele na nyuma. Haikumkataza mshindani kumwuliza shahidi wa mwenzake. Akaandika alama, akamgeukia Mashaka. "Sekunde thelathini."

Mashaka alimtazama mkewe, akahesabu kwa vidole maneno yaliyokwisha kutajwa. Saa ililia.

"Imeisha," alisema. "Mais mwalimu, katoni hii inafika Mbau na nini?"

"Pikipiki."

"Na mvua ile?" Alionyesha dirisha. "Kamio yangu inapita kule, inaenda Oicha. Panda. Utakaa mbali na mulango."

Saa sita kasoro dakika tano, lori lilisimama Mbau. Kahongya aliipokea katoni barazani pa darasa, akaifungua na kuhesabu vitabu mara mbili. Vilikuwa sitini, vikavu.