Hewa ya Masjala

Kuvu nyeusi ilikuwa imepanda ukuta wa masjala hadi usawa wa kiuno cha Sidi Garama. Kila Ijumaa aliipangusa kwa kitambaa chenye siki, na kila Jumatatu aliikuta imerudi, nene kama manyoya ya paka. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu. Lilizibwa kwa ubao siku kiyoyozi cha meneja kilipowekwa ghorofani, mabomba yakapitishwa hapo, na tangu hapo maji yakawa yanachuruzikia ukutani.

Miaka sita Sidi alitunza humo mafaili ya kampuni ya wapima ardhi, mjini Malindi. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: masika mengine mawili humo ndani, na mapafu hayo hayatapona tena. Ndipo alipowaandikia wakaguzi wa mahali pa kazi. Aliomba kitu kimoja, dirisha lifunguliwe.

Asubuhi ya ukaguzi, meneja alishuka ngazi na chetezo mkononi.

"Shikamoo, Bwana Hilal."

"Marahaba. Hapa panavunda, Sidi. Mgeni aja kupima hewa, nasi twampokea na uvundo? Fukiza udi, kila pembe."

"Moshi wanikaba, bwana. Kifua changu..."

"Udi si moshi, udi ni heshima. Kwetu bibi harusi hufukizwa mpaka nywele, sijasikia aliyekufa."

Kwa Bwana Hilal, hewa safi ni hewa inayonukia. Haikumpitikia kwamba mashine ya kupimia hewa haina pua. Naye Sidi, aliyekuwa akipewa kazi mwezi kwa mwezi, alifukiza huku machozi yakimtoka.

Mkaguzi aliitwa Gerishom, mtu wa bara, barakoa imemkaa vyema usoni. Mashine yake ndogo ilianza kupiga kelele akiwa bado kizingitini. Taa ikawa nyekundu.

"Hii moshi ni ya nini, mama?"

Sidi alifungua kinywa, kikohozi kikatangulia maneno. Bwana Hilal akamjibia.

"Mila zao hizo. Tumemkataza mpaka tumechoka, wallahi."

Mila zao! Mtu aliyetoka nyumbani kwake na chetezo cha mamake! Na akaapa, jicho kavu.

"Tazama ukuta, bwana mkaguzi," Sidi alisema alipopata pumzi. "Dirisha lile..."

"Mashine inapima hewa, mama. Haipimi ukuta."

Wakapanda kwa Bwana Hilal. Huko taa iliwaka kijani, wakaletewa sharubati ya ukwaju.

Ripoti ilifika baada ya wiki. Bwana Hilal alimsomea Sidi akiwa amesimama mlangoni: chanzo cha uchafuzi ni mtunza masjala, hewa ya jengo itaboreka iwapo chumba hicho kitatengwa na vyumba vingine.

"Na dirisha, bwana?"

"Halikutajwa."

Mchana huo fundi alikuja na utepe wa mpira. Aliubandika kuuzunguka mlango wote, juu, chini na pembeni, hewa ya masjala isiwapandie wafanyakazi wa ghorofani. Sidi alikuwa mezani, akipanga mafaili.

"Samahani, mama. Nafunga kidogo, nijaribu."

Mlango ulifungwa. Fundi alipitisha kiganja ukingoni, hakuhisi upepo.

"Mlango umeziba?" Bwana Hilal aliuliza kutoka ngazini.

"Umeziba, bwana."

"Wamsikia akikohoa?"

Fundi alitega sikio mlangoni.

"Hasikiki."