Kunde za Kadii na Damu ya Saleha

“Kunde zangu umewapa kuku, Saleha! Tena kuku wangu mwenyewe!”

Kadii aliliinua bakuli tupu juu, na sisi majirani tukawa tumeshatoka nje, maana wawili hawa hatukuwahi kuwasikia wakigombana. Miaka yote bakuli hilo limevuka ua: asubuhi linakuja na kunde za nazi za Kadii, jioni linarudi na samaki wa Saleha.

“Punguza sauti, shoga. Mimi niko kwenye utafiti.”

“Utafiti wa kunitia aibu?”

Saleha akaeleza. Watu wazima wenye afya wanapimwa damu. Protini ya samaki au kunde mwili huivunja kuwa vipande vidogo, asidi amino, na watafiti wanataka kujua vipande hivyo vinatumikaje mtu akila kidogo kidogo kutwa, au akishindilia mara moja jioni.

“Na mimi nala jioni tu, cha jikoni kwangu.”

“Sawa. Bakuli langu halivuki tena.”

Saleha akapauka midomo. Mumewe yuko safarini, na mtu anayekula naye duniani ni Kadii.

Ndipo akaingia Japheth, kijana wa utafiti anayepita kuwachukua watu damu, na kisanduku chake.

“Shikamoo mama. Damu yako inatushangaza. Ya mwanzo na ya juzi ni kama za watu wawili. Umebadilisha ulaji?”

“Nala vile vile nilivyowaambia!”

“Maana kundi lako ni la kula kama kawaida. Hatukukukataza kitu.”

Kadii akageuka. “Kwani uliwaambiaje?”

Saleha akajifunika uso kwa leso. “Mgeni aniulize asubuhi nala nini, nimjibu nangoja bakuli la jirani? Si atasema mume wangu hanilishi? Nikasema nala jioni tu, cha kwangu.”

Basi alidanganya kulinda heshima, kisha akashinda na njaa ili uongo wake uwe kweli. Tulimcheka, ingawa hapana mmoja wetu ambaye angejibu vingine.

Kadii alijitahidi kununa, ikamshinda. “Na wewe, fundi wa ulaji wa watu, leo umekula nini?”

“Chai ya alfajiri, pale Matsangoni.”

“Astaghfirullah!” Saleha akasahau aibu yake. “Mpaka saa hizi?”

“Ila mama, damu kwanza...”

“Damu itakimbilia wapi?” Kadii akafungua mlango wake. “Sufuria bado i motoni. Ingia ule, Saleha, kabla kuku hawajakutangulia. Na huyo mwenye sindano mwingize, asije akatuangukia hapa.”