Mkono wa Ma Evodia Kwenye Meno ya Chuma

Karatasi ilibaki moja. Nyingine Annastella alizimaliza kule Kitendaguro akijaribia saa mbovu na matumbo ya redio ya zamani, na kesho asubuhi picha zake zilitakiwa ziwe ukutani kwenye maonyesho mjini Bukoba. Hii ya mwisho aliiwekea nia: mkono wa mama yake kati ya magurudumu ya mashine ya kukobolea kahawa aliyoiacha babu. Kamera hatumii. Karatasi anaipaka dawa, vitu anavilaza juu yake, jua linachora.

Alipofika Muleba kwa mama yake, saa sita mchana, uani kumeshajaa watu. Habari ya mtu kupigwa picha bila kamera hailali njiani.

"Dakika kumi na tano, Ma. Usitikisike hata kidogo."

"Nimezaa saba, nitashindwa kukaa?" Ma Evodia akalaza mkono.

"Angalia wasikuone mpaka mifupa," jirani yake Nuriat akamtania, na ua mzima ukacheka.

Dakika ya nane akaingia mzee Rutashobya na fimbo yake. Annastella alimwona mama akimwona, akajua kazi imeharibika.

"Ma, tafadhali. Nuriat atampa kahawa."

Lakini kwa Ma Evodia mgeni hapewi kahawa ya kutafuna na jirani, mwenye nyumba yupo. Mkono ukainuka, ukachukua kikapu kidogo, ukampelekea mzee. "Karibu, waitu," Ma akamwambia kwa heshima. Kisha mkono ukarudi kwenye karatasi, kando kidogo ya ulipokuwa.

"Haya, endelea. Bado ngapi?"

Annastella akatazama saa. Dakika zilipotimia alisuuza karatasi kwenye beseni kwa hasira. Bluu ikakolea. Meno ya chuma yakatoka meupe, makali. Katikati yake mikono miwili iliyofifia, mmoja ukichomoza ndani ya mwingine. Yeye alikuja kutafuta mkono uliotulia. Akajaribu kukumbuka ni lini aliwahi kuuona umetulia.

"Nimekuharibia?" Ma aliuliza taratibu.

"Hapana, Ma. Ndivyo ulivyo."

Ma akainama kuitazama. "Watasema nina vidole kumi mkono mmoja."

"Waseme."

"Na mzee Rutashobya mbona hayumo? Watajuaje nilikuwa na mgeni?"

Swali hilo Annastella alipanda nalo basi, karatasi imelala mapajani ndani ya kitenge. Asubuhi, kabla ya picha nyingine zote, aliitundika hiyo karibu na mlango, pale wageni wanapoingilia.