Upande wa Mtoni

Jana ufa ule wa kilimani ulikuwa wa kuingiza kidole. Asubuhi hii Wulmer alitia ngumi nzima, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Mvua ilikuwa siku ya tisa. Akajishikiza kwenye nyasi za kilima alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Miaka miwili nyuma Wafaransa walibomoa nyumba arobaini katikati ya mji wapate pa kurundika udongo wa kilima cha ngome yao, na wenye nyumba ndio waliobebeshwa vikapu. Udongo ulitakiwa ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Upande wa mtoni walipewa Wulmer na jirani yake Osgod. Kila msimamizi alipogeuza kisogo, wao walitupia humo nyasi za mapaa yao yaliyobomolewa, wakafunika juu juu. Walicheka sana. Ipo siku kilima hiki kitawaangusha hawa, walisema.

Juzi Wafaransa walimchukua Leofrun, binti pekee wa Wulmer, akalee mtoto wa bwana wao kwenye mnara ulio juu ya kilima hicho.

"Funga mdomo, jirani," alisema Osgod alipouona ufa. "Ukisema tu, wewe na mimi kamba shingoni."

"Mwanangu yuko juu!"

"Labda mvua itakatika."

"Hiyo labda yako kampe mwanao."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wala hasukumwi. Wulmer alizipanda ngazi, kila kidato akikihisi kinalegea chini ya unyayo.

Msimamizi wa ngome, Mfaransa aliyeoa hapo mjini, alimsikiliza mlangoni pa mnara, akamcheka. "Mzee, pombe asubuhi yote hii? Kilima kitaangukaje?"

"Kitaangukia mtoni. Ndani kuna nyasi."

"Umejuaje?"

Aliogopa vibaya sana, mkojo ukamponyoka, naye hakuona hata aibu. "Niliziweka mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nguzo ya mlango ikalia, kriii, ikahama kwa upana wa kidole. Msimamizi akaacha kucheka. Akapiga kelele watu wote washuke, kisha akaamuru Wulmer afungwe mikono nyuma, kwenye nguzo ile ile.

"Kazi yako hii. Ingojee hapa hapa."

Leofrun akatoka mbio, mtoto wa bwana kifuani. Wulmer akaegemea nguzo kama mtu anayepumzika, kamba isionekane.

"Baba! Umefuata nini huku? Hushuki?"

"Nashuka. Beleshi langu limebaki ndani, naletewa. Tangulia, mama. Na usipite upande wa mtoni."

"Usikawie basi."

"Sikawii."

Alizisikiliza nyayo zake mpaka kidato cha mwisho. Sakafu ilishaanza kuinama. Ndipo Wulmer akalia kwa hofu, akalia kwa sauti, maana sasa hapakuwa na wa kumficha.