Kicheko Nyuma ya Hotuba

Usiku wa kuamkia jana niliota napigiwa simu na kiyoyozi.

"Hapa ni Kiyoyozi wa bohari," akasema, kifua kimembana kama kawaida yake. "Baba Kunda, kanda ya Ugweno inasafishwa leo. Kama unakuja, njoo sasa hivi."

Nikamwambia mimi nimestaafu.

"Hata mimi," akasema. "Ila hakuna aliyekuja kunizima."

Kwa usiyenifahamu: miaka yangu yote ya kuajiriwa niliimalizia katika bohari ya kanda na filamu ya Shirika la Kimataifa la Visima, hapa Arusha. Shirika lilichimba visima katika nchi nyingi, na kila kisima kilipofunguliwa lilituma watu wa kamera na maiki. Maji waliachiwa wanakijiji. Hotuba zililetwa kwangu. Nilizipanga kwenye rafu, nikazikinga na vumbi, nikazilaza kwenye baridi kali kuliko ya nyama buchani. Kazi hiyo sikuisomea popote. Niliingia kama mbeba maboksi, nikasahaulika humo.

Kanda ya Ugweno ni ya ufunguzi wa kisima kimoja huko kwetu Upareni. Mkurugenzi wa shirika anahutubia, kisha anapiga pampu kwa mkono wake mwenyewe, na maji ya kwanza yanatoka mekundu kwa tope, yanamwagikia viatu vyake vyeupe. Hapo nyuma msichana anacheka. Mimi nilikuwa kando na maboksi yangu. Niligeuka kumtazama, na tangu siku hiyo sikugeukia kwingine.

Msichana yule ni Nakijwa, marehemu mke wangu. Alifariki mwaka juzi. Picha zake ninazo, ila picha hazina sauti, na yeye alikuwa na uadui na vinasa sauti. Nikileta redio ya kurekodi nyumbani, anakaa kimya kama yuko mbele ya mkwe. Kwa hiyo kicheko chake kimebaki kimoja tu duniani, nacho kiko nyuma ya hotuba ya mtu mwingine. Juu ya boksi la kanda wameandika: Mkurugenzi anahutubia. Sauti nzuri, isipokuwa kelele za mwanamke.

Na kanuni ya shirika kuhusu kusafisha kanda ni fupi: kelele ziondolewe.

Nikavaa kandambili, nikaenda.

Bohari ilikuwa palepale, ila Mlango hakutaka kunifungulia.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Basi hujafika. Kitu chenye nakala moja tunakihesabu kuwa hakipo. Rudi ukiwa watatu."

Kanuni hiyo naijua, niliwahi kuibandika ukutani mwenyewe: kila kitu kiwe na asilia na nakala mbili, na nakala moja ikae mbali, jengo likiungua isiungue. Nikamwomba Mlango anisaidie. Akafunguka na kufunga, akafunguka na kufunga, na kila akifunga nasikia mtu mwingine anakohoa kikohozi changu. Nakala ya kwanza akawekwa nje, kwenye kiti cha mlinzi. Ya pili akapelekwa ng'ambo, kwenye ofisi za makao makuu.

Sijapiga hatua mbili, simu inalia. Ni mimi yule wa ng'ambo.

"Wewe mzee huna utu," ananiambia. "Huku kuna theluji na umenituma na kandambili."

"Vumilia. Wewe ni nakala ya akiba."

"Akiba gani inayotetemeka meno?"

Nikakata simu.

Ndani, ukumbi wa rafu umekuwa wodi. Filamu za zamani zimelazwa vitandani, na harufu ya siki inakata pua. Hivyo ndivyo filamu zinavyozeeka. Zinachacha zenyewe, zinaanza kunuka siki, na moja ikiumwa inaziambukiza jirani zake, ndiyo maana hulazwa mbali na nzima. Zilikuwa zinakohoa kwa zamu, bila fujo, kama wagonjwa waliokwisha kuzoeana.

Kitanda cha kwanza kilikuwa na filamu ya Waziri anayekata utepe. Waziri mwenyewe alikuwa humo ndani, ameinama na mkasi wake. Akaniona.

"Kijana," akasema, ingawa mimi nina mvi na yeye hana hata moja, "mkono unaniuma."

"Mheshimiwa, kwani hujamaliza kukata?"

"Kila nikimaliza wananirudisha mwanzo." Akakata. Utepe ukaanguka, ukapanda tena, ukajifunga. "Hebu niambie. Huko nje kile kisima bado kinatoa maji?"

"Kilikauka, mheshimiwa. Zamani."

Akafikiri kidogo.

"Lakini hotuba yangu ipo?"

"Ipo."

"Afadhali," akasema, akakata utepe.

Nilitaka kumuuliza njia ya kwenda kwenye usafishaji, lakini wodi ikawa imekwisha na mimi nimesimama jikoni. Jiko kubwa, la kuni, la kuokea mikate. Mbele yake, amefunga aproni, yuko Shirima, fundi wetu wa mitambo. Shirima tulimzika. Mimi mwenyewe nilishika jeneza upande wa miguu.

"Ahaa, Mzee wa Maboksi!" akasema. "Hata kufa hujafa, huku umefuata nini? Umbea?"

"Nimefuata kanda ya Ugweno."

"Nilijua tu. Shika hilo sinia."

Akafungua jiko, akavuta kanda moja baada ya nyingine, zimeumuka vizuri. Msidhani ni ndoto tu iliyonidanganya hapa. Kanda za sumaku zikikaa miaka mingi huvuta unyevu na kuwa na ulimbo, ukizicheza zinaganda kwenye mashine na kuchubuka. Dawa yake ni kuzipasha moto mdogo kwa saa nyingi, zikauke. Shirima alikuwa anaziokea kwenye jiko la umeme la kukaushia matunda. Huko aliko sasa amepewa kuni.

"Sikiliza, Baba Kunda," akasema, na hapo hakuwa anatania. "Hii yako imechoka. Nimeioka nilivyoweza, lakini itacheza mara moja tu. Kitakachonaswa kwenye mashine mpya mara hiyo ndicho kitakachobaki. Wakiamua kelele zisinaswe, hakuna pa kuzirudia."

Kanda ya Ugweno ilikuwa imelala kwenye sinia, moshi unaitoka.

"Usinipulizie," ikasema, "nitapata unyevu." Kisha ikasema, "Nimebeba vitu viwili miaka yote hii, hotuba na kicheko. Hotuba ni nzito, imenipinda mgongo. Kicheko hakina uzito wowote. Wakisema wanipunguzie mzigo, wanataka kutoa kicheko. Nyie watu mna hesabu gani?"

Mimi nikajifanya natazama moto. Shirima naye alijifanya anachochea kuni.

Tukatoka na sinia kwa mlango wa nyuma, na nje ilikuwa Ugweno. Migomba, mtaro, pampu ya kisima ileile. Ila majani yamefunikwa zulia la bluu, na juu ya zulia kuna meza ndefu za mkutano wa kimataifa, zenye chupa ndogo za maji na vibao vya majina ya nchi. Wajumbe wote walikuwa maiki. Mwenyekiti alikuwa hedifoni nyeusi, kubwa, iliyovaliwa vizuri sana, lakini kichwa cha kuivaa hakikuwapo. Kwenye vibanda vya vioo katikati ya migomba walikaa wakalimani.

"Kikao kimefunguliwa," akasema Mwenyekiti. "Ajenda ni moja. Kelele."

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, ile si kelele. Ni mke wangu."

Wakalimani wakatafsiri. Maiki wakanong'onezana kwa lugha zao. Maiki mmoja mnene akanyanyua kibao chake.

"Je, mke wa mjumbe alisajiliwa kama mzungumzaji?"

"Hapana. Alikuwa amekuja kuteka maji."

"Anawakilisha nchi gani?"

"Anatokea hapo juu, kwa mzee Mfinanga, nyumba yenye bati jipya."

Ikaandikwa kwamba hakuwakilisha nchi yoyote. Kibanda kimoja kikaomba kusaidia: wamejaribu kukitafsiri kile kicheko kwa maandishi, na tafsiri rasmi inasomeka hivi: Mjumbe asiyetambulika anaeleza wasiwasi wake kuhusu viatu.

"Si wasiwasi!" nikasema. "Alifurahi!"

"Kufurahi hakumo katika msamiati wa shirika," kikasema kibanda, kwa masikitiko ya kweli.

Mwenyekiti akajikaza kwenye kichwa asichokuwa nacho. "Mzee, tunakuheshimu. Lakini kanuni ni kanuni. Kutoka kwenye kanda hii ni lazima iondolewe kelele. Mashine haiwezi kuwaka bila kuondoa kitu."

Shirima akanikanyaga mguu. "Muulize kelele ya nani," akanong'ona. "Kanuni haisemi."

Nikauliza. Mwenyekiti akasikiliza kitu ndani yake mwenyewe, muda mrefu.

"Kweli haisemi," akakiri. "Una kelele nyingine?"

"Chukueni kikohozi changu."

"Vikohozi tunavyo. Umepita wodini, umeona."

"Mkoromo, basi. Majirani watawashukuru."

"Huo upo kazini muda huu. Tukiuchukua utaamka, na kikao kitavunjika. Tunataka kitu cha aina ileile, tena asilia. Kicheko kwa kicheko."

Simu ikalia mfukoni. "Wape changu!" alikuwa ananipigia kelele yule wa ng'ambo. "Huku hakuna cha kuchekea!"

"Nakala hazipokelewi," akasema Mwenyekiti. Alikuwa amesikia, hiyo ndiyo kazi yake.

Shirima akaniweka pembeni, sinia mkononi. Macho yake yalikuwa yale ya siku za mwisho hospitali.

"Fikiri vizuri, Baba Kunda. Sisi huku hatuna kicheko, najua ninachosema. Unataniwa, unajua hapo ni pa kucheka, unapita hapo kama unapita mbele ya nyumba iliyohamwa. Na wewe ni mtu wa porojo. Mtu wa porojo bila kicheko ni nini? Ni mwongo tu."

"Nakijwa akitolewa, nitacheka nini?"

"Kunda yupo. Majirani wapo. Dunia haiishi vituko."

Nikatazama ile kanda. Ilikuwa inapoa. Kanda iliyookwa haisubiri, na Shirima alilijua hilo.

"Kateni changu," nikawaambia.

"Basi cheka," akasema Mwenyekiti. Kwenye meza ya mashine wembe wa kukatia kanda ulikuwa umejisimamisha wima, tayari.

Nikajaribu. Haikuwezekana. Hebu cheka wewe mbele ya maiki mia zinazokusubiri, na rafiki uliyemzika amekushikia sinia. Nikatoa hehe moja kavu, wembe haukuigusa hata.

"Hiyo ni nakala," akasema Mwenyekiti. "Muda hatuna. Chezeni kanda."

Kanda inavikwa kwenye mashine. Inaanza kuzunguka. Kwanza upepo wa Ugweno, halafu Mkurugenzi: anashukuru, anasisitiza, anatoa wito. Ananyoosha mkono kwenye pampu. Pampu inalia, inakwama, inalia. Mimi nimeshika ukingo wa meza. Chini kabisa, kisima kinajikohoza, na maji yanatoka na tope lake lote.

Nakijwa anacheka.

Kinaanza kwa pumzi inayovutwa ndani, kama mtu aliyeangusha chungu cha watu. Halafu kinaporomoka, ngazi kwa ngazi, kinakimbia, kinajikwaa, na mwishoni anajaribu kujizuia kwa kiganja na kiganja kinashindwa. "Jamani," anasema, "viatu vya watu!"

Nilikuwa nimekisahau. Nilidhani nakikumbuka, kumbe nilichokuwa nacho miaka hii miwili ni maelezo ya kwenye boksi. Nikacheka naye. Sikupanga. Kilinitoka tumboni, kama siku ile, tukacheka wawili juu ya sauti ya Mkurugenzi anayeendelea kutoa wito na viatu vimelowa, na Shirima akawa ananitazama bila kucheka, anatabasamu tu kwa adabu.

Wembe ukapita. Hauumi. Ni kama mtu amekuchomoa kipande cha uzi begani.

Kanda ikafika mwisho, ikapiga mkia wake hewani, tap, tap, tap. Kisha ikabomoka kuwa unga wa kahawia juu ya mashine, na hakuna aliyeniambia kilichonaswa. Nikamgeukia Mwenyekiti nimuulize. Hedifoni ilikuwa mezani, imekunjwa. Wajumbe walikuwa wanazimwa mmoja mmoja.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kunda, binti yangu, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, na uso wa mtu mwenye habari.

"Shikamoo, baba. Umesikia ya kwa mzee Lukumay?"

"Marahaba. Amefanyaje?"

"Wezi wameingia usiku. Wameiba mbwa."

"Mbwa yupi? Yule wa ulinzi?"

"Huyohuyo anayetutambia naye. Wamemchukua na mnyororo. Kibao cha mbwa mkali ndiyo wameacha."

Nikacheka. Nawaambieni nilicheka: tumbo likaruka, mabega yakatikisika, machozi yakanitiririka mpaka kwenye shuka, mdomo wazi kabisa. Wala hapakuwa na sauti. Nikasubiri. Nikafikiria tena sura ya mzee Lukumay mbele ya kile kibao, nikacheka upya, kwa makusudi, kwa nguvu zangu zote. Nilisikia jogoo wa jirani, nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Cha kwangu hakikusikika.

Basi Nakijwa wamemwacha, nikasema moyoni. Yupo pale nyuma ya hotuba, na atakuwepo.

Kunda akaweka chai chini haraka, akaja akaketi kitandani, akanishika bega lililokuwa bado linatikisika.

"Baba, usilie," akasema. "Ni mbwa tu."