Kinga ya Nani

Sikutambua kwamba mama alikuwa ameacha kumpa dada yangu Severina vidonge vya baridi yabisi, vile vya kutuliza kinga ya mwili, hadi nilipofika Iringa nikamkuta amevimba magoti, hawezi kusimama.

"Mjomba wako Mbeya anatibiwa saratani kwa dawa ya kuamsha kinga," mama alisema. "Ulinieleza mwenyewe. Iweje binti yangu nimpe ya kuilaza?"

"Kinga ya Severina inamshambulia mwenyewe, mama. Ya mjomba imeshindwa kuitambua saratani."

"Basi kinga ni mlinzi au mwizi?"

Nafundisha somo hili la kinga chuoni, nikaanza kutafuta mfano wa kumpa.

"Nipeni vidonge," Severina alisema. "Mwalimu atafikiri baadaye."

Sasa mama humpa vidonge kila asubuhi baada ya uji, ingawa bado haelewi. Nami darasani, kabla ya kusema kinga ni mlinzi au mwizi, huanza kwa kutaja ni kinga ya nani.