Ngongoti za Darasa la Tano

Alhamisi saa nne asubuhi, kirikuu ilisimama kwenye geti la shule ya msingi huko Kiwalani, na Filomena akashusha jozi ishirini na nane za ngongoti alizochonga kaka yake. Mwalimu Khalfani alitaka Darasa la Tano lijifunze utamaduni wa Wamakonde kwa kutembea juu ya miti kama wao. Filomena alikubali kwa sababu moja tu. Tangu Januari mwanawe Anna alikuwa akiitwa mla panya kwa kuwa ni Mmakonde, naye alitaka jambo hilo liishe.

Alianza kuwaeleza watoto kwamba mti haupandwi hivihivi: mtu huuomba kwanza, na kabla ya kushuka huushukuru. Mwalimu akatazama saa.

"Mama Anna, hayo ya mila tuyaache. Tufanye mchezo, tupige na picha."

"Mila ndiyo mchezo wenyewe, mwalimu."

Watoto walishapanda. Walianguka, wakacheka, wakashindana mpaka bombani na kurudi. Anna peke yake aliinama akaunong'oneza mti kabla ya kupanda. Alipomaliza akakaa ukutani, akashukuru, akafungua kamba na kushuka. Wenzake ishirini na saba walifungua kamba, lakini hawakushuka. Mti ulikuwa umeshashikana na nyayo, na kule chini kucha zilikuwa zimeanza kuota.

Kengele ikalia. Wakainama mlangoni, wakaingia kwenye hesabu. Ndani ya wiki moja seremala aliinua fremu za milango, na mafundi cherehani wa mtaani wakarefusha sketi na suruali za shule.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Filomena alimkuta Anna uwanjani, shingo imekakamaa kwa kutazama juu.

"We mla panya," Badru alikuwa akimuuliza kutoka kwenye miguu yake ya mninga, "huko chini kunanukaje?"

Filomena alikwenda moja kwa moja ofisini. Hakupaza sauti. Alisema wamechukua miti ya kwao, wameipanda, kisha wamemwacha mwenye nayo atukanwe chini yake. Mwalimu akajibu kwamba watoto ni watoto, wataacha. Akamwonyesha picha mpya ukutani: nyuso ishirini na saba zinatabasamu, na chini yake maandishi, *Tumejifunza Utamaduni wa Kimakonde*.

"Anna yuko wapi?"

"Alikuwepo, Mama Anna. Kamera ndiyo haikumfikia."

Filomena akasogea karibu. Chini kabisa, juu kidogo ya neno Kimakonde, kilionekana kipande cha kichwa kilichonyolewa.